Kovu Nililolifuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga picha hata moja. Fundi Mkuu wa studio yetu ya picha mtaani Kimanga, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa kitambaa laini na lenzi tatu, akaniambia nizisafishe mpaka aridhike. "Weye, usiguse kioo na kidole," alisema. "Mafuta ya kidole inaingia mu sura ya muntu." Nilikuwa na miaka ishirini, nikaona ananionea tu. Leo nimestaafu, magoti yananiuma, na ninawaandikia ninyi mnaopiga picha kwa simu habari za lenzi moja kati ya zile tatu, na za mama mmoja aliyekosa kumzika binti yake kwa sababu yangu.

Lenzi yenyewe huitwa makro. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo vinavyopigwa kwa karibu sana, kama siafu, mbegu au jicho la samaki. Fundi Mkuu aliipata kwa padri mmoja aliyekuwa akipiga picha za vipepeo kule milimani Mulenge kabla hajarudi kwao. Ilikaa kwenye mtoto wa meza miaka mingi, maana Kimanga hakuna aliyewahi kuleta kipepeo studio.

Kilichoitoa humo ni vidonda. Hospitali moja ya huku ilitafuta mtu wa kupiga picha za magonjwa ya ngozi ili zipelekwe kwa wataalamu Bukavu, na Fundi Mkuu akanituma mimi na makro. Daktari Mkuu wa hospitali hiyo alikuwa mkali, hakukaribisha mtu kiti. "Minye sitaki foto ya kupendeza," aliniambia. "Nataka ya kweli. Ukinidanganya, mugonjwa atakatwa muguu bure."

Kwake ndiko nilikojifunza kazi. Ukisogea karibu na makro, sehemu inayotoka wazi ni nyembamba kama ukucha. Ukilenga ukingo wa kidonda, katikati panayeyuka. Inabidi ufunge diafragma, yaani kile kitundu cha kuingizia mwanga, ili sehemu iliyo wazi iongezeke. Lakini ukikifunga, mwanga unapungua, kwa hiyo unahitaji stendi ya miguu mitatu na mgonjwa asiyetikisika. Nilikuwa nawaambia, "Tushike pumzi pamoja." Wengine walikuwa watoto wadogo. Nilishika pumzi nao, na usiku sikuota kitu kingine.

Vita vilipofika mjini, studio ilivunjwa na kila kitu kikabebwa. Makro ilipona kwa kuwa nilikuwa nimetoka nayo hospitali nikaificha nyumbani ndani ya gunia la unga wa muhogo. Fundi Mkuu aliugua mwaka huohuo, akafa bila kuona studio nyingine. Nikabaki na lenzi hiyo moja tu kwa kazi zote: harusi za Makobola, komunyo ya kwanza, picha za vitambulisho, hata ng'ombe wa Mulenge ambao wenyewe walitaka wapigwe kama maharusi.

Watu hudhani makro haioni mbali. Huo ni uongo, inafika mpaka milimani bila shida. Tatizo lake ni uvivu: pete ya kulengea ina safari ndefu, ukikosa jicho inatangatanga, na bibi harusi anakuwa amechoka kutabasamu. Kwa picha ya mtu, rudi nyuma hatua tatu, lenga jicho lililo karibu nawe, fungua diafragma kabisa, na mabati yote ya Kimanga yatapotea nyuma ya kichwa chake. Mpe mwanga wa dirishani, dirisha lenyewe ulifunike kwa chandarua kikuukuu.

Lakini makro haimhurumii mtu. Inaonyesha kila kitundu cha ngozi. Wanawake walikuwa wakiangalia picha zao na kunijia juu. "Mama Foto, weye unanichukia? Hii iko sura ya mama yangu!" Basi nilipopata kompyuta nikajifunza kufuta. Chunusi ilifutwa, kunyanzi zilifutwa, mifuko ya macho ikaondoka. Nilisifiwa mji mzima, na nilizipenda zile sifa, sitadanganya. Kila nilipomaliza kusafisha picha nilifuta ile ya mwanzo ili kadi ya kamera isijae. Daktari Mkuu angenifukuza siku hiyohiyo.

Msichana aitwaye Nabintu alikuja siku moja asubuhi, amechumbiwa, anataka picha ya kupeleka kwa wakwe zake. Alikuwa na kovu jeupe chini ya kidevu, lililopinda kidogo. Aliliziba kwa kiganja akicheka. "Nilianguka na mutungi nikiwa mutoto. Uitoshe, uifute kabisa, Mama Foto. Bakwe watasema kwetu tunapigana ngumi." Tukacheka wote wawili. Nikalifuta kwa dakika mbili.

Miezi michache baadaye mto ulishuka kutoka mlimani na mvua, ukabeba nyumba na waliokuwamo. Miili ilikuwa ikiokotwa kwenye tope na ufukweni mwa ziwa. Ofisa aliyesimamia mazishi alisikia kwamba nina lenzi ya karibu, akaniita. Nyuso nyingi zilikuwa hazitambuliki tena, ikabidi nipige alama: meno, vidole, makovu, ua la kitenge. Nilifanya kama nilivyofundishwa hospitalini, ila safari hii hapakuwa na haja ya kumwambia mtu ashike pumzi.

Familia mbili zilikuwa zimeshapigania mwili mmoja mpaka zikataka kuumizana, kwa hiyo Ofisa aliweka sheria. Hakuna atakayepewa mwili kwa machozi peke yake, mpaka alama ya mwili ilingane na picha ya mtu alipokuwa hai.

Siku ya tatu alikuja mama yake Nabintu. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na kila kitu, lakini shangazi wa Makobola alikuwa na nakala ya picha ya uchumba. Mama aliangalia picha yangu ya kidevu cha maiti mmoja, akaweka kidole kwenye kovu. "Huyu iko wangu," alisema taratibu. "Munipe nimuzike."

Ofisa aliweka picha mbili pamoja. Kidevu cha Nabintu kilikuwa safi kama sahani. "Mama, pole. Foto iko inasema hapana."

Nikasema, "Shefu, minye njo nililifuta lile kovu."

"Ya kwanza iko wapi?"

"Niliifuta pia."

 Ofisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. "Mama, unaniambia foto yako moja inadanganya, halafu unataka niamini ingine. Nitaamini ipi?"  Joto lilikuwa kali na miili haikuweza kungoja, wakaizika yote alasiri ile kwenye shimo moja. Mama Nabintu alisimama ukingoni akiuliza kila machela inayopita, "Ni huyu? Ni huyu?" Niliona aibu ambayo haijaniacha mpaka leo.

Tangu siku ile sikufuta kitu tena. Wateja walipungua, nami nikafunga studio mwaka jana. Mwezi uleule mama Nabintu alikuja kwangu na ile picha ya uchumba. "Mutoto wangu hakukuwa hivi," alisema. "Rudisha alama."

Nilitoa kadi ya kamera yenye picha za wafu. Nikakata lile kovu, nikalipunguza kidogo kwa kuwa maji yalikuwa yamevimbisha ngozi, nikafungua ile picha ya uchumba niliyoisafisha, nikaikuza kwenye kompyuta kuliko nilivyowahi kuikuza. Pale kidevuni palikuwa na ncha nyeupe iliyosalia ya kovu, ndogo kama punje ya ulezi. Nilipokuwa nafuta sikuiona, na kwenye karatasi haionekani kabisa. Nikashusha kovu. Mkia wake ukaikalia ile ncha barabara.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hii ilikuwa hapa siku ile ya kuzika?"

Ningeweza kusema sijui. "Ilikuwa hapa," nikasema. "Ningeikuza foto siku ile, ungemuzika."

Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu. Kisha akaniambia nitoe nakala mbili. Moja aliifunga kwenye kitenge chake. Nyingine alinirudishia mkononi.

"Hii utundike kwako," alisema. "Mahali unakulaka."

Imetundikwa mbele ya meza yangu, na kila siku ninakula nikiitazama.