Kaka Alikanyaga Mafuta Kwa Sababu Nilimwambia

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka themanini na nne, naishi Buhehe. Mke wangu yuko kitandani na daktari ameshatuambia turudi naye nyumbani. Huyu mke nilimrithi. Alikuwa wa kaka yangu.

Miaka ya sitini nilikuwa fundi wa magari Tororo, mdomo mrefu kuliko spana. Daktari mmoja alituletea gari lake la spoti, la viti viwili, injini ya pistoni sita. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ukiwa mrefu hivyo hujisokota kidogo kila pistoni inapopiga. Puli, lile gurudumu dogo linalofungwa kwenye ncha ya mbele ya krenki, huwa na raba ya kumeza mtetemo huo. Raba ilikuwa imekwisha, na spea ilikuwa ya kuagizwa Uingereza. Sikutaka kungoja. Nikachongesha puli ya chuma kitupu, nikaifunga.

Gari liliwaka vizuri. Ila mshale wa mizunguko ya injini ukifika elfu nne na nusu, injini nzima ilitetemeka. Ukizidi hapo, ilitulia. Mapigo ya pistoni yalikuwa yanakutana na mtetemo wa krenki yenyewe na kuuongeza, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi. Nililijua hilo. Nilidhani ni kero tu.

Kaka alikuwa dereva wa gereji yetu, na ndiye aliyelijaribu. Akaniambia, "Ndugu yangu, hii gari iko natetemeka mbaya."

Nikamjibu, "Wewe usikae kwa hiyo kutetemeka. Kanyaga mafuta, pita, itanyamaza."

Akacheka, akashika njia ya Mukuju.

Krenki ilikatika vipande viwili. Injini ikakaza, magurudumu ya nyuma yakagoma, gari likaingia kwenye kalavati na kaka akafa hapo hapo. Watu wa kando ya barabara walisema alikuwa akikimbiza gari kama mwendawazimu. Nilisimama nikiwasikiliza, nikanyamaza. Ile puli niliifungua mwenyewe kabla mtu hajaitazama. Hata mazishini sikulia.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walinipa mjane wake pamoja na watoto aliomwachia. Tumezaa wengine wanne. Kila nikichelewa kuamua jambo, yeye hucheka na kusema, "Afadhali wewe una breki."

Kwa desturi yetu, mke wa kurithiwa huzikwa kando ya mume wake wa kwanza. Juzi alinishika mkono akasema, "Mzee, usinilaze karibu na yule. Alipenda mbio kuliko mimi na watoto. Niahidi."

Nikaahidi. Sikusikia uchungu wala aibu. Nimekuwa hivi tangu siku ile: nakula, nasali, nalala.

Nikisema ukweli, kaka atarudishiwa heshima yake pamoja na mke wake kando ya kaburi lake, lakini huyu mama atakufa akijua ameishi miaka yote na mtu aliyemfanya mjane. Nikinyamaza, kaka atalala peke yake kwa kosa langu.

Leo asubuhi ameniuliza kaburi lake litakuwa wapi. Nimemwonyesha kupitia dirisha, mbali na la kaka. Akasema, "Asante. Wewe hujawahi kunidanganya."

Ndugu wasomaji, nimwambie au ninyamaze? Nijibuni upesi, hali yake si nzuri.