Samaki wa Nyumbani

Mama alikuwa hodari wa makundi ya vyakula. Kila siku ya kliniki nesi alinyoosha rula kwenye bango la ukutani, wanawake wengine wakatazama chini, na mama akajibu rula ikiwa bado hewani: hiki cha kujenga mwili, hiki cha kutia nguvu, hiki cha kulinda mwili. Kwenye kundi la kujenga mwili alichorwa samaki mkubwa kuliko ng'ombe aliyekuwa pembeni yake. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikaa naye na mdogo wangu mgongoni. Nilijua samaki yule nyumbani kwetu hayupo.

Kijiji chetu kiko kwenye rasi nje ya Musoma, ziwa pande mbili, na baba alikuwa mvuvi. Desturi ilikuwa kwamba mtumbwi ukifika, samaki wa nyumbani anatolewa kwanza, kabla mnunuzi hajagusa kitu. Waliozidi walikaushwa, mama akawapeleka mnadani Bunda na kurudi na ulezi, na samli ya wafugaji wa Mugeta. Hata miaka ile ya foleni za sukari na unga wa njano, sisi tulililia sabuni, si mboga. Hatukuhitaji bango.

Kisha ikaja biashara huria, na kiwanda cha minofu mjini. Wakala wa kiwanda akamletea baba nyavu, mashine ya mtumbwi na kasha la barafu. Sharti lilikuwa moja: sangara wote ni wake. Wale furu wadogo tuliowavua utotoni kwa ndoana, sangara alikuwa ameshawamaliza. Baba hakuwa mtu mbaya. Alitaka bati, kama kila mtu. Bati likapigwa, likang'aa kuonekana toka barabarani, na chini yake tukala ugali wa muhogo kwa mlenda, mchana na jioni.

Mama alimkumbusha habari ya samaki wa nyumbani.

"Subiri kwanza nimalizie chumba cha pili," baba alisema.

Mvumilivu hula mbivu. Wanaosema hivyo huwa wameshakula.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa. Alianza kuvimba mashavu, kisha miguu, na majirani wakamsifu. "Kumbe nyie siku hizi mnakulaga vizuri! Ona mtoto alivyonona." Nywele zake zikawa laini, za rangi ya kutu, na akaacha kucheza. Siku moja nilimbonyeza mguu, kidole changu kikaacha shimo. Nilimwita mama. Alilitazama lile shimo mpaka likajaa.

Tukaenda kliniki. Alikuwapo nesi mgeni. Aliibonyeza ile miguu, akazishika zile nywele.

"Mama, huyu mtoto anakulaga nini?"

Benchi zima lilitega sikio, na benchi zima lilikuwa la kijiji chetu. Kwetu mke wa mvuvi akisema nyumbani hakuna samaki, amemvua mumewe nguo mbele za watu. Na huyu mume ana bati.

"Anakula samaki," mama akasema.

"Kila siku?"

"Nesi, sisi si watu wa ziwa?"

Nesi akafikiri. "Nilidhani ni utapiamlo. Kama samaki anapata, basi labda ni figo. Au minyoo." Akatupa dawa ya minyoo, akasema uvimbe ukizidi twende hospitali ya mjini. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Ningekuwa yeye ningeamini.

Njiani mama alisema, "Leo baba yako atanisikia." Lakini baba alikuwa kambini visiwani na wenzake, na hakurudi siku hiyo wala iliyofuata.

Uvimbe ukazidi. Asubuhi tukashika njia kwenda kutafuta gari la mjini, mama mbele, mimi nyuma nimembeba mdogo wangu. Alikuwa amelia tangu alfajiri. Tulipofika karibu na barabara akatulia, nami nikashukuru kwamba amelala. Mama ndiye aliyegeuka kumfunika jua, akajua si usingizi.

Sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Sikuwa na kitu chochote.

Baba aliletwa na mtumbwi wa watu. Tukazika. Kesho yake wavuvi wenzake waliingia ziwani ili msiba upate kitoweo, wakarudi na sangara wanne wanene. Wakala mwenyewe, mtu wa kanisa, alisema hao ni wa matanga, hawagusi.

Wanawake waliwapika kwa nyanya kwenye masufuria ya kuazima. Mama aliwekewa kipande cha tumboni, chenye mafuta. "Kula mama, upate nguvu," walimbembeleza. Alikishika mkononi mpaka kikapoa.

Mimi nilikula. Nyama ilikuwa nyeupe, mchuzi mtamu. Nilipomaliza nikapeleka sahani niongezwe.