Siku Niliyouza Nyumba ya Mama

Niliuza nyumba ya mama yangu mahakamani, mbele ya watu, na mama akanipigia vigelegele.

Kabla hujaanza kunitukana kwenye maoni, tulia. Soma kwanza.

Naitwa Falonne. Nakaa Musonoi, pembeni ya Kolwezi, kule ambako ukichimba choo ukakutana na jiwe la kijani, dalili ya madini, majirani wote wanakuja kuangalia. Sokoni watu wananijua kwa chikanda, ile keki yetu ya mizizi na karanga, na munkoyo, kinywaji cha mahindi.

Nyumba ilijengwa na baba. Alikuwa mfanyakazi wa mgodi, mtu wa Kasai. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku Katanga, yeye na mama walilala stesheni na watoto na sufuria moja, wakisubiri treni. Waliporudi baadaye, walianza upya, tofali kwa tofali. Baba akafia mle ndani.

Basi mama Kabedi ukimgusia habari ya kuhama, ni kama umemtukania wazazi.

Aliyetuletea balaa ni kaka yangu mkubwa, Stany. Alimbembeleza mama aweke nyumba rehani, akakopa, akanunua pampu za kutoa maji shimoni. Shimo likaporomoka na pampu zake. Stany akaenda Kasaji "kutafuta". Mpaka leo anatafuta.

Mkopeshaji akaenda mahakamani. Nyumba ikatangazwa mnada.

Mtaa mzima ulijua nani anaitaka. Blanchard.

Huyu ni mfanyabiashara wa madini, jirani yetu wa zamani, amekula kwa mama tangu akiwa na kamasi. Alikuwa ameshachukua nyumba mbili upande wa juu, na zote sasa ni mashimo yaliyofunikwa turubai. Safari hii hakuwa na fedha za kutosha, kwa hiyo alileta mwenye nazo: Bwana Mwakipesile, tajiri wa malori kutoka Tunduma, Tanzania.

Walikuja kuangalia nyumba asubuhi. Blanchard hakuthubutu kumtazama mama usoni. Mgeni alisimama sebuleni, akapiga sakafu kwa kisigino, akainama kusikiliza.

"Tata," mama akamwambia, "chini huko haiko kintu ya kusikiliza. Mi njo niko juu."

Mgeni akacheka mpaka akashika tumbo.

"Blanchard, hiki ndicho Kiswahili? 'Kintu'? 'Mi njo niko'? Ninyi mmekiua Kiswahili, mkakizika, mkapanda na mihogo juu!"

Blanchard akajaribu kubadilisha mazungumzo. "Boss, banasema mupaka inafika kule ku..."

"Banasema!" akamkata. "Banasema! Wiki nzima, banasema! Ongea kama mtu, bwana."

Niliona shingo ya Blanchard ikivimba. Lakini tajiri ni tajiri. Akamfungulia mgeni mlango.

Mimi nilikasirika. Unakuja kwa watu, unataka kuchimba chini ya kitanda cha mjane, halafu unamsahihisha na maneno?

Siku hiyohiyo nilienda kwa wanawake wenzangu wa likelemba, ule mchezo wetu wa kupeana fedha kwa zamu. Nikawaomba zamu zao zote.

Mama Tshiela, mkubwa wetu, akaniuliza, "Na bakikushinda?"

"Bakinishinda, batanishinda mbele ya batu bote. Habatatuingilia kimya kimya."

"Basi," akasema, akafungua kitambaa chake kiunoni. "Bataona."

Tulikusanya. Zilitosha bei ya kuanzia tu. Mtu akiongeza juu yake hata kidogo, habari yetu imekwisha. Nilijua hivyo nikiingia mahakamani, na niliingia vilevile.

Mbele walikaa waliolipa dhamana ya kushiriki mnada peke yao. Tulikuwa wawili: mimi na Bwana Mwakipesile. Wengine wote walisimama nyuma, mama na wanawake wa soko upande mmoja, Blanchard dirishani.

Mnada uliendeshwa na karani wa mahakama, mama mmoja anaitwa Valérie, miwani puani, hana mchezo.

"Kwa kawaida tunafanya na Kifaransa," akamwambia mgeni. "Tata, unasikia Kifaransa? Ao tukutafutie mutu wa kutafsiri?"

"Kifaransa cha nini?" akajibu, mguu juu ya mguu. "Endesha kwa Kiswahili. Mimi Kiswahili nimezaliwa nacho."

Valérie akanigeukia. "Na weye, mama?"

"Kiswahili," nikasema.

Hapa, wewe unayenisoma kutoka mbali, ngoja nikueleze jambo. Kwetu Katanga, kuuza ni kutoa fedha ukapata kitu. Yule anayetoa kitu akapata fedha, huyo anauzisha. Tumezaliwa tukisema hivyo, mama zetu walisema hivyo, na hakuna siku tumepotea njia sokoni.

Naapa sikupanga lolote. Kichwani mwangu kulikuwa na ile bei tu.

Valérie akasoma bei ya kuanzia, akaangalia mbele. "Nani anauza?"

"Mi nauza!" nikapaza sauti.

Mwakipesile akanitazama kwa upole, akatikisa kichwa kama mtu msibani. Alidhani mtoto wa marehemu anakubali mbele ya mahakama kwamba nyumba iuzwe.

"Mama Falonne anauza," Valérie akasema. "Kuko mwengine mwenye anauza?"

Mgeni akaangalia saa yake.

Ndipo nikaanza kuelewa. Nikatazama nyuma, nikamwona Blanchard amefungua mdomo wake wazi. Kisha akaufunga.

"Tata," Valérie akamwambia mgeni, "weye hauuze?"

"Mimi?" Akacheka. "Mimi siuzi kitu hapa, dada. Endelea tu."

"Mara ya mwisho. Haiko mwengine wa kuuza?"

Nyundo ikagonga meza.

Bwana Mwakipesile akapiga makofi. Wallahi, makofi kabisa! Akavuta mkoba wake mapajani, akakaa vizuri.

"Haya," akasema. "Sasa tuanze kununua."

Hapo ndipo vigelegele vya mama vilipotoka. Wanawake wa soko wakavipokea, na polisi wa mlangoni akasahau kazi yake akacheka naye.

Mgeni alipoeleweshwa, alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Huu ni wizi! Kuuza ni kuuza!"

"Njo vile, tata," Valérie akasema. "Kuuza ni kuuza. Nilikuuliza na kinywa yangu, ukakatala."

Lakini sheria ni sheria. Akamwambia pia kwamba anayo nafasi, siku chache, ya kurudi na kuongeza bei juu ya yangu. Alete mwanasheria, aandike kwa Kifaransa.

Siku zile chakula hakikupita. Lori likipunguza mwendo mtaani, mama anatoka na kusimama mlangoni na mwiko wa bukari, yaani ugali, mkononi, tayari.

Siku zikapita. Mgeni hakurudi. Nyumba ikaandikwa kwa jina la mama.

Aliyekuja ni Blanchard.

Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Mama Kabedi," akaanza, "mi njo nilibaokoa."

"Weye?" nikamwambia. "Weye njo ulimuleta!"

"Nilimuleta, ni vrai, ni kweli. Lakini ile siku nilikuwa naweza kumupigia kelele: boss, ongeza! Nikafunga kinywa. Wiki muzima anacheka Kiswahili yetu. Nikasema, nimuachie na yake."

"Na siku za kuongeza?"

"Akaniambia nimutafutie avocat, mwanasheria. Nikamujibu: boss, Kiswahili yako, mi siisikie. Akarudilia. Siisikie. Akarudilia pole pole, ni kama anaongea na mutoto. Boss, pardon, siisikie! Akapanda lori yake, akaenda."

Tulicheka mpaka machozi. Nakiri, kwa dakika ile nilimpenda Blanchard. Mama mwenyewe akammiminia munkoyo, kikombe kikajaa.

Akanywa. Akapangusa midomo. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Sasa, mama, mugeni ameenda. Tunabakia sisi kwa sisi. Ile jiwe iko chini ya nyumba, tuchimbe, tuitoshe pole pole, bila kelele. Nusu yenu, nusu yangu."

Kumbe hakutuokoa sisi. Aliliokoa shimo lake.

Mama akanyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka mkononi mwake, bado kina kinywaji.

"Blanchard," akasema, "yule muntu hakutusikia. Lakini ya kwako mi naisikia muzuri, neno moja moja. Na weye unasikia yangu. Toka."

Alitoka.

Somo langu ni fupi. Anayekudharau kwa sauti kubwa ni rahisi kumkataa, kwa sababu amejitangaza mwenyewe. Anayekuambia "sisi kwa sisi" ndiye wa kumsikiliza mpaka neno la mwisho, maana huyo anajua mlango wako unafunguka upande gani.

Na kama kuna Blanchard mwingine anasoma hapa: nyumba haiuzwi, haiuzishwi, haichimbwi. Mama yuko nyumbani.