Siku Mama Alipowaita Majirani Waje Kuangalia Jeti Zangu

Jamani, hili nimelificha karibu mwaka mzima, nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Masomo yangu nayafanyia nyumbani, Kwamndolwa, peke yangu na laptopu: kuna mtambo Ulaya unagonganisha chembe ndogo kuliko vumbi (msiniulize ndogo kiasi gani), zikigongana vipande vinaruka kwa mafungu, ndiyo tunaita jeti, nami naifundisha kompyuta itambue fungu lipi limetoka kwenye kwaki na lipi kwenye gluoni, aina mbili za hizo chembe. Mtaani hakuna hata mmoja wa kuongea naye hayo, siku nyingine naisemesha kompyuta yenyewe.

Sasa siku naandaa data nikaiona safu ya namba za mistari, ile 1, 2, 3 ya kuhesabu tu, najua kabisa inatakiwa ifutwe, nikasema aah, inamdhuru nani, nikaiacha. Kompyuta ikaanza kupatia karibu jeti zote! Nikatafuta wa kumwambia, nikamkuta Mama anapepeta mchele, na kwa ile kiu ya kusifiwa nikamwambia Ijumaa nawaonyesha maprofesa mtandaoni, wakiridhika wananipokea kwenye kikundi chao. Mama naye si mtu wa siri. Ijumaa mchana sebule ilijaa majirani na maandazi, na Mzee Hoza wa nyumba ya pili akaomba dua ndefu mpaka mkutano ukaanza tukiwa bado kwenye amina.

Nikatamba kwa Kiingereza weee, hadi profesa mmoja akaniuliza kwa upole kama ile safu ya namba niliifuta. Nikafungua faili mbele yao: kwaki zote zimepangwa juu, gluoni zote chini. Kompyuta haikuwa imetazama jeti hata moja, ilisoma namba tu! Kule kwenye skrini wote kimya.

"Mmeona?" Mama akanong'ona, mnong'ono wa kusikika nyumba ya tatu. "Wamekosa la kusema!"

Majirani wakapiga makofi na vigelegele, na kipaza sauti nilikuwa sijakizima.

"Hongera mwanangu," Mzee Hoza akanishika mkono, "umewanyamazisha."

"Asante, mzee." Nikala andazi, machozi yananilengalenga, na sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye sebule ile iliyojaa watu.

Nafasi akapewa mwingine. Nilirudia kazi upya, safari hii kompyuta ikawa inapatia kiasi tu, lakini kwa haki, na siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Sasa hivi safu ya namba naifuta kabla hata sijanywa chai, na nimeapa sitatangaza ushindi kabla ya kuukagua. Mama bado anawasimulia wageni jinsi nilivyowanyamazisha maprofesa, nami nainamisha kichwa. Kila Ijumaa najiambia leo namwambia.