Matanga ya Ukuta

Jumamosi iliyopita nilishuka kwenye treni na binti yangu pale Columbia Heights, mtaa wetu wa kwanza hapa Marekani, tukanunua sabuni dukani, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye uchochoro wetu wa zamani. Ule ukuta wa jengo letu bado ni wa kijivu. Walionunua jengo walikuja na pesa, wakasahau kuja na macho.

Hukuuona ulivyokuwa, rafiki yangu. Ulikuwa umechorwa magwiji wa Marekani: bondia aliyekunja ngumi, mwimbaji wa kike mwenye gauni la buluu, na pembeni yule mtu wa hadithi za reli, mwenye nyundo, aliyeshindana na mashine ya kutoboa mlima, akaishinda, akafa papo hapo. Mwalimu wetu alitueleza habari zao wote. Bibi hakumhitaji mwalimu. Tulipofika tu kutoka Kongo, alimtazama yule wa nyundo, akasema ndiye babu. Babu alikuwa mchimba dhahabu. Alifia njiani tulipokuwa tukikimbia vita, na picha zake zote ziliungua na nyumba.

Kila asubuhi, tukienda shule, ilibidi tusimame pale.

"Musalimie babu yenu," Bibi alisema. "Mutu hapiti mbele ya mukubwa kama mbuzi."

Tulisalimia, makoti yetu yakinuka majani ya muhogo, sombe ya jana. Jioni Bibi alimpelekea babu habari, nani kapata kazi, nani kazaa. Jirani yetu Mtanzania alimtania kwamba kapata mume asiyekula, na Bibi alicheka hadi akashika kiuno.

Kisha jengo likauzwa, mafundi wakaja na rangi ya kijivu kuzifunika picha. Bibi alitandika mkeka kando ya njia, akavua viatu, akajifunga kitenge, akaketi chini. Msimamizi aliuliza yule mama ana nini. Jirani akamjibu kwamba amefiwa.

"Wa kwanza sikumulilia, tulikuwa tunakimbia," Bibi alituambia. "Huyu nitamulilia."

Akina mama wa Kikongo na wa Kirundi walikuja wakitoka kuhudumia wazee wa watu, bado wamevaa sare, wamebeba chai na masufuria ya maharage. Waliimba hadi rangi ikakauka, na kesho yake wakarudi.

Bibi alifariki mwaka juzi, Hyattsville, tulikohamia. Wanasema kifo cha wengi harusi. Chake kilikuwa cha wachache. Wale akina mama walikuwa kazini, wajukuu walikuwa kwenye simu zao, na hatukumaliza wimbo wa pili kabla mwenye ukumbi tuliokodi hajaanza kukunja viti. Hasira ya siku ile ninayo hadi leo. Ukuta ulililiwa kuliko yeye.

Pale uchochoroni nilimwambia binti yangu amsalimie babu. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mama, there's nobody there."

Eti hakuna mtu pale. Nilimshika mkono, tukaondoka.