Mashine Yangu Haikuelewa "Sawa" ya Baba Njeri

Makosa ni yangu, na nayasema kabla hamjaanza kutafuta wa kulaumu. Mimi ndiye yule jamaa wa kompyuta wa kilabu cha wapanda miamba hapa Nakuru. Sijawahi kupanda mwamba hata mmoja. Hata ngazi ya kubadilisha balbu humwachia jirani.

Lakini mwaka jana, 2007, hiyo haikunizuia kujiita mtaalamu. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza websaiti kwa saiba, pale pa kulipia intaneti kwa dakika, pole pole, nikakitengenezea kilabu chao bure. Kila njia ya kupanda ilikuwa na ukurasa wake, na watu wakitoka huko wanaandika pale chini jinsi walivyoikuta. Ningeachia hapo, saa hii ningekuwa na marafiki.

Wapi! Nilitaka sifa. Nikaunda kitu cha kusoma yale maoni na kuipa njia rangi, ndio mtu asisumbuke kusoma. Kikiona neno "sawa", njia inakuwa kijani. Kikiona "hatari", inakuwa nyekundu. Basi. Hiyo ndiyo akili yote niliyoipatia, na nikatembea mjini kifua mbele nikiambia watu mashine yangu inaelewa Kiswahili.

Sasa, kilabu kilikuwa na mzee mmoja, Baba Njeri, fundi wa mawe kutoka Subukia. Ndiye alikuwa akikagua miamba, maana jiwe bovu alilijua kwa kuligonga tu na nyundo. Na alikuwa na mtindo wake wa kuongea: kila kitu lazima amalizie na "sawa?", kama mwalimu wa nasari. Kuchapa nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Ijumaa moja akaandika: "Watoto wangu, lile jiwe kubwa juu ya Mgongo wa Ng'ombe linacheza. Mtu asipande mpaka nikalitoe. Sawa? Sawasawa?"

Mashine yangu ikahesabu sawa tatu. Ikaipaka hiyo njia kijani na kuiweka juu kabisa ya ukurasa, eti njia nzuri ya wiki.

Chebet aliufungua huo ukurasa kesho yake. Huyo ndiye alikuwa mpandaji wetu hodari, na alikuwa ameitwa kazi ya kuongoza watalii mlimani, amebakisha wiki mbili aanze. Akaona kijani, hakusoma chini. Kwani asome ya nini, na mimi ndiye nilimwambia asisumbuke? Jumapili jiwe likatoka naye. Mguu ukavunjika mahali pawili, na kazi ikapewa mtu mwingine.

Habari iliponifikia, aki, sikukimbia hospitali. Nilikimbia saiba, nikafuta maneno ya mzee.

Kilabu kilipokutana, wote wakamgeukia yeye. "Mzee, si wewe ndio hukagua? Mbona hukutuambia?"

"Niliandika," akasema. "Ijumaa. Muulizeni huyu kijana."

Wakaniangalia. Nikakuna kichwa kama mtu anayekumbuka, halafu nikasema, "Sikuona kitu, mzee. Labda hukubonyeza pale pa kutuma."

Aliangalia kile kidole chake. "Labda," akasema. "Hizi mashine zenu mimi sizijui vizuri. Mnisamehe, watoto wangu." Siku hiyo hakumalizia na sawa. Alikunja kamba yake akaenda, na kilabuni hakurudi tena.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Alimwomba Chebet msamaha. Kila wiki alimletea maziwa kutoka Subukia, kwa kosa langu, na mimi nikienda kumjulia Chebet hali nilikunywa chai ya hayo maziwa, tena nikaongezewa.

Desemba nilishindwa, nikamwambia Chebet ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Toka," akasema. "Na umwambie mzee kabla sijamwambia mimi."

Kura ya urais ilikuwa imebakisha siku tatu, nikajiambia nitamwambia ikishapita. Baada ya kura nyinyi wenyewe mnajua kulivyokuwa, watu wakachomeana nyumba. Watu walitawanyika, nyumba ya Baba Njeri ikabaki kuta, na namba yake ikawa haipatikani.

Websaiti nimeizima. Nanyi mnaotengenezea watu vitu ambavyo nyinyi wenyewe hamvitumii, someni maneno ya watu mpaka nukta ya mwisho. Na ukikosea, usifute. Nilifuta mstari mmoja nikafikiri nimejiokoa, kumbe nimempoteza mzee aliyeniita mtoto wake.

Juzi nimepata namba yake mpya. Nikamwandikia yote, meseji tano ndefu, bila kujitetea. Alijibu jioni kwa neno moja: "Sawa."

Nimelisoma hadi macho yanauma. Halina alama ya kuuliza. Mimi niliyetangazia mji mzima kwamba mashine yangu inaelewa Kiswahili, sijui kama hiyo ni kijani ama nyekundu.