Nerida Quilty na bunduki iliyokataa kutundikwa ukutani

Saa kumi na moja alfajiri, banda la Nerida Quilty liko gizani, na ndivyo mwenyewe anavyotaka liwe. Anawasha kichomea cha gesi, analishika kwa kitako ganda tupu la risasi, anaielekeza shingo ya ganda kwenye moto na kulizungusha taratibu. Shaba inaanza kubadilika rangi. Kabla haijawa nyekundu analidondosha kwenye ndoo ya maji, nalo linalia chii.

"Taa ikiwaka huioni rangi," anasema bila kugeuka. "Ukipitiliza, shaba inalegea. Usipofikisha, shingo inapasuka ukiibana. Wanaoifanya kazi hii mchana wanabahatisha tu."

Ni Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu mjini Wilgabah, magharibi mwa New South Wales. Nje, kasuku wameshaanza kugombana juu ya waya za umeme. Chai ya Nerida imepoa kwenye kikombe cha bati, na yeye ana ndoo nzima ya maganda yanayomsubiri.

Maganda hayo si ya bunduki yake. Ni ya risasi za kawaida, yaliyookotwa na wawindaji wa nguruwe mwitu, ambao humletea kwa mifuko. Nerida anayapaka mafuta ya sufu ya kondoo, anayaingiza kwenye kalibu, kisha anavuta wenzo wa mashine kwa mkono uliokanda unga miaka thelathini. Shingo inakuwa nyembamba, bega lililo chini ya shingo linashuka, na sehemu inayozidi anaikata kwa mashine ndogo ya kukereza.

"Hapo bado," anasema, akilipuliza ganda lenye vumbi la shaba. "Mashine inakufikisha nusu ya safari. Nusu nyingine ni bunduki yenyewe. Ganda lipigwe mara moja, litanuke, lishike umbo la chemba, pale risasi inapokaa. Likishashika, ni mali ya bunduki hiyo, si ya nyingine."

Nerida ana umri wa miaka sitini na minne. Alikuwa mpishi wa kambi za wakata manyoya ya kondoo, na mpaka leo akikuuliza kama umekula, jibu "hapana" ni kosa. Mumewe, Merv, alifariki akamwachia nyumba, mbwa na banda. Bunduki aliachiwa na baba yake, Clarrie Maddern, aliyekuwa akitembea kwenye uzio mrefu wa kuzuia mbwa mwitu na kuziba matundu.

Mzee Clarrie hakuridhika na bunduki kama ilivyotoka kiwandani. Aliichonga chemba yake kwa mkono, akazinyoosha kuta na kulikaza bega, ili ganda liwe na nafasi kidogo zaidi ya baruti. Bunduki za namna hiyo bado zipo mashambani, kutoka Wilgabah hadi mpaka wa Queensland. Hakuna duka linalouza maganda yake, na hata risasi mama, zile za kiwandani ambazo bunduki hizo zilitengenezewa kwanza, huonekana kwa nadra kama mvua ya huku.

Hapo ndipo Nerida anapopata riziki ya kuongezea pensheni yake. Ganda moja analiuza dola tatu. Mwezi ukiwa mzuri, yanalipa umeme na mafuta ya pikapu.

"Mimi nauza ganda tupu," anasisitiza. "Baruti, kila mtu na yake. Sitaki kesi."

Kesi, hata hivyo, ilimfuata.

Mwaka jana, kwenye uwanja wa shabaha wa klabu ya Wilgabah, ganda lilikatika ndani ya bunduki ya Vern Stoker, mfugaji wa kondoo. Moshi wa moto ulimrudia usoni. Nyusi ziliungua, na miwani ndiyo iliyomwokoa macho. Ganda lilikuwa la Nerida.

Nerida aliomba aonyeshwe vipande, akavigeuza mbele ya watu, kisha akamuuliza Vern swali moja: maganda haya yalipigwa kwanza kwenye bunduki ya nani? Vern alikohoa. Yalikuwa yamepigwa kwenye bunduki ya kaka yake. Walikuwa wamegawana ndoo moja, kwa kuwa bunduki zao ni pacha.

"Pacha kwa sura!" Nerida anasema, na hasira bado iko mbichi. "Chemba ya kaka yake ni fupi kwa unene wa ukucha. Ganda likizoea kwake, likienda kwa Vern linavutwa. Limevutwa leo, limevutwa kesho, limekatika. Hata kambini, mkata manyoya havai viatu vya mwenzake."

Kamati ilimsikiliza, ikanywa chai, kisha ikapitisha sheria: mashindano ya Pasaka ni kwa risasi za kiwandani tu, kutoka kwenye boksi lisilofunguliwa.

Kwa bunduki ya Clarrie, hiyo ilikuwa hukumu. Na klabu ya Wilgabah ina desturi yake kwa bunduki isiyoweza kupiga tena: huondolewa pini ya kugonga risasi, ikatundikwa kwenye ukuta wa ukumbi, na kibao cha jina kikawekwa chini yake. Watu hupiga makofi, wengine hulia. Siku ya kuitundika ilipangwa kuwa Jumamosi hii.

Aliyetumwa kumpa habari ni mwenyekiti Darcy Quilty, mdogo wa marehemu Merv. Alifika na keki iliyookwa na mkewe.

"Shemeji, tumekupa heshima," Darcy alianza. "Misumari tumeshapiga. Kibao kimechongwa."

"Mnanichimbia kaburi, halafu mnaniletea keki ya matanga?"

"Tunatundika bunduki, shemeji. Si wewe."

"Na pini yake?"

"Pini lazima itoke. Ndiyo desturi."

"Basi na wewe kang'oe meno, tukutundike pembeni yake. Mtapendeza."

Darcy alicheka, lakini hakurudi nyuma. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, shemeji."

"Nishindwe kwanza, ndipo nikubali. Mbona unanizika mapema?"

Keki aliipokea. Nerida hana ugomvi na keki.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya Darcy kuondoka, Nerida alishika simu na kuanza kupiga. Alipiga Dubbo, akapiga Bourke, akapiga maduka ya silaha ambako wauzaji walidhani ni mzaha. Boksi moja la risasi mama lilikuwa limebaki Toowoomba, juu ya rafu, limeliwa rangi na jua. Aliliagiza bila kuuliza bei, na alipoambiwa bei alikaa kwanza.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, uwanja una moshi wa soseji na vumbi jekundu. Ukutani ndani ya ukumbi misumari miwili iko wazi. Nerida anaingia na bunduki begani, anajipanga foleni kama wengine, na zamu yake inapofika Darcy anainua macho kutoka mezani.

"Shemeji, tulikubaliana ni saa sita. Kuitundika."

"Nimekuja kupiga."

"Risasi?"

Analiweka boksi mezani. Gundi yake haijaguswa.

Darcy analigeuza, analisoma mbele na nyuma. "Hii ni ya kiwandani?"

"Soma. Miwani unayo."

"Lakini chemba yako siyo ya risasi hii. Mzee Maddern aliitanua."

"Aliitanua, hakuiharibu. Pale ganda linapoegemea alipaacha kama palivyokuwa. Risasi ya dukani inaingia, inapigwa, inatoka. Haya, niambie, sheria yenu inasemaje kuhusu chemba?"

Sheria haisemi chochote kuhusu chemba. Kamati ilikuwa imekataza maganda ya Nerida na kusahau ni nini kinachoyatengeneza, yaani risasi ikipigwa ndani ya chemba ile, ganda lake hutanuka na kutoka na umbo la Clarrie Maddern. Vern, aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake, ndiye wa kwanza kuelewa, na soseji nusura impalie.

Nerida analala kwenye mkeka. Risasi ya kwanza inachimba udongo chini ya shabaha.

"Dada Nerida, unapanda viazi?" Vern anapiga kelele.

"Nikivuna nitakuletea, pamoja na nyusi zako!"

Uwanja mzima unacheka. Yeye hacheki. Baadaye atakiri bila kuzunguka: "Niliogopa. Niliwaza, nikiiaibisha leo, nitakuwa nimeitundika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka kulia palepale mkekani."

Risasi ngeni ilikuwa na mwendo mdogo kuliko zile alizozizoea. Anainua kilengeo, anavuta pumzi, anapiga tena. Inagusa pembezoni. Ya tatu inaingia katikati, na kuanzia hapo anapiga kama mtu anayekata vitunguu. Kila baada ya mlio anafungua komeo la bunduki polepole, analitoa ganda kwa vidole na kuliweka ndani ya kofia yake.

Alimaliza wa sita kati ya washindani ishirini na wawili. Hakuna kikombe cha mtu wa sita. Nerida alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kamati, akayamwaga yaliyomo kofiani. Maganda yakasimamishwa moja moja kwenye kitambaa cheupe, kando ya sandwichi, kila moja na bega lake kali, bado yana joto.

"Haya ni maganda yangu," alisema, na sauti yake ilifika hadi kwenye moshi wa soseji. "Yametengenezwa hapa, mchana kweupe, mbele ya kamati, kwa sheria yenu. Mkitaka kuyakataza haya, katazeni na uwanja."

Darcy aliokota moja, akalizungusha, akapitisha kidole kwenye bega lake kwa muda mrefu. Ni shaba ileile aliyokuwa akimwona kaka yake Merv akiibeba mfukoni. Kisha akaagiza mtu aende ukumbini kung'oa misumari.

Vern alisogea, kofia mkononi. "Dada, utanitengenezea na mimi? Ishirini tu."

"Niletee bunduki yako. Yako, Vern. Ya kaka yako ibaki kwake."

Sheria haijafutwa. Itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa Juni, na wapo wanachama wanaoapa kwamba haitoki. Boksi la Toowoomba limebakiwa na risasi chache, na muuza duka amemwambia Nerida asitarajie jingine. Mwakani, ama atapiga kwa maganda aliyoyatengeneza mwenyewe, ama hatapiga.

Kwa hiyo kabla jua halijazama, wenzake wakikunja viti, alirudi mezani na kutaka aandikishwe kwa Pasaka ijayo. Darcy alichukua kalamu.

"Jina nalijua. Risasi?"

"Zangu."

Kalamu ilisimama. "Sheria bado ipo, shemeji."

"Ipo," Nerida alisema. "Na mimi nipo. Andika."